Makapi ya karatasi: bodi imepinda, dari inanuka, saruji haishiki. Tuanze kukagua wapi?

Simu za Oktoba huwa za aina moja: fundi, bodi zimejikunja kama tumbaku kwenye bani, kile kibanda cha kuikaushia. Ikifika Januari zinabadilika: fundi, dari inanuka, kuna weusi pembeni. Ni watu walewale na mchanganyiko uleule. Kilichobadilika ni hewa ya Tabora, ambayo Septemba na Oktoba inanyonya maji kwenye kila kitu, na mvua zikianza Novemba inayarudisha.

Karakana yetu iko Ipuli. Makapi tunayapata sehemu mbili. Kuna wenzetu wanaotengeneza trei za mayai, ambao kila wiki hubakiwa na rojo la karatasi lililokatika nyuzi mpaka haliwezi tena kushika umbo la trei. Kisha kuna maduka ya uchapaji yanayokata kingo za daftari na kalenda. Kiwanda kikubwa cha karatasi hapa kwetu hakuna. Kile cha Mgololo, Mufindi, kiko mbali, na ukipakia tope lake kwenye lori unasafirisha maji zaidi kuliko karatasi. Lakini nyuzi ni nyuzi, na anayepata tope la kiwandani atakutana na matatizo haya haya, pamoja na moja au mawili ya ziada nitakayoyataja.

Tunatengeneza vitu vitatu: pamba ya karatasi ya kumwaga juu ya dari ili joto la bati lisishuke, bodi laini, na rojo la kujazia kwenye matofali mepesi ya kuta za ndani. Nayataja mapema kwa sababu mengi ya matatizo ninayoletewa ni ya mtu aliyechukua kanuni ya kitu kimoja akaipeleka kwenye kingine. Dawa inayookoa dari, yaani boraksi na asidi ya boriki, ndiyo inayoharibu saruji, na ndiyo inayoua nyuki. Kwa hiyo unapoona kasoro ukutani au darini, rudi kwanza kwenye pipa uulize nini kiliingia.

Ijue kwanza karatasi yako

Ndani ya tope la karatasi kuna nyuzi za mti, kuna udongo mweupe wa kaolini kama ule wa Pugu, na kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Viwanda huongeza udongo na chokaa ili karatasi iwe nyeupe na kalamu iteleze. Karatasi ya ofisini hubeba madini hayo kiasi cha asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake. Majarida yanayong'aa hubeba zaidi. Gazeti na katoni hubeba kidogo. Nyuzi ndizo zinazokamata hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto. Udongo unaongeza uzito tu, ingawa kwenye tofali una faida yake.

Fanya vipimo vitatu kabla ya kulaumu kanuni. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, tia konzi moja ya tope, jaza maji, tikisa mpaka mkono uchoke, kisha iweke mezani nusu saa. Nyuzi nzuri zitaelea katikati kama wingu lililochanika. Udongo utashuka na kutengeneza tabaka jeupe chini. Tabaka hilo likizidi theluthi ya mashapo yote, tope hilo lipeleke kwenye tofali, darini lisipande. Cha pili, kamulia ndimu juu ya tope kavu: likitoa vipovu vidogo na kusikika kama soda, lina chokaa. Cha tatu, pima gramu 100 za makapi yaliyokauka kabisa, yachome kwenye kopo juu ya jiko la mkaa hadi weusi wote uishe, kisha pima majivu. Yakibaki gramu chache, una nyuzi za pamba nzuri. Yakibaki 30 au 40, una kijazio. Tope la viwanda vinavyosafisha wino kwenye karatasi kuukuu linaweza kubakiza karibu nusu ya uzito wake.

Hilo la wino lina jambo jingine. Tope la kiwandani linaweza kubeba metali za wino na mabaki ya kemikali za kung'arishia. Sampuli yake ipelekwe maabara, kwa mfano ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kabla halijaingia kwenye nyumba ya mtu. Hapo sina mjadala.

Na kuna karatasi zisizoingia pipani kabisa. Risiti za mashine za EFD zina kemikali inayofanya maandishi yatokee kwa joto, na kemikali hiyo inahamia kwenye ngozi, zitenge. Paketi za maziwa na juisi zina plastiki, na nyingine zina utando wa alumini. Kama umeloweka mifuko ya saruji siku mbili na bado inatoka mizima mizima, usiongeze siku: baadhi yake hutiwa gundi ya kuifanya isilainike kwa maji. Ichane kwa mkono uitumie kama nyuzi ndefu, au iache.

Pipa linanuka yai viza

Chanzo ni rojo kukaa bila hewa. Vijidudu vinavyoishi pasipo hewa vinakula nyuzi na wanga, na gesi yake ndiyo harufu hiyo. Gesi hiyo ni sumu, hivyo usiinamishe kichwa ndani ya pipa wala kuingia kwenye shimo la tope lililofunikwa. Mwaga rojo kwenye turubai mahali penye upepo, ligeuze kwa reki, litumie siku hiyohiyo. Kama huwezi, weka chokaa ya kupakia nyumba, kilo moja kwa pipa la lita 200, ukoroge ukiwa umevaa glavu, vijidudu vitasimama. Ila rojo lililotiwa chokaa ni la tofali peke yake, kwa sababu chokaa hukamatana na dawa ya kuzuia moto tunayoweka darini na kuifanya isiyeyuke.

Rojo likishakuwa jeusi na linateleza kama bamia, nyuzi zimeliwa. Hilo lipeleke kwenye shimo la mboji.

Bodi zimepinda au zimepasuka

Angalia kingo zinaelekea wapi. Zikitazama juu, uso wa juu ndio uliotangulia kukauka: umesinyaa na kuvuta bodi nzima. Hii ndiyo kasoro ya Oktoba. Mtu anaona jua kali, anafurahi, anatandaza bodi juu ya bati au sakafu ya saruji. Juu kunachomwa, chini bado maji. Saa tisa alasiri bodi imekuwa bakuli.

Dawa yake ni kichanja. Tengeneza fremu ya mbao yenye wavu wa kuku, iwe juu kufikia kiunoni, iweke chini ya mwembe au kibanda cha makuti ili hewa ipite pande zote mbili. Siku ya kwanza funika bodi kwa magunia yaliyoloweshwa ili zisikimbie kukauka. Zigeuze asubuhi na jioni. Zikianza kuwa ngumu kidogo, zipange moja juu ya nyingine ukiwa umeweka vijiti vya unene sawa katikati, na juu kabisa weka mawe. Kazi hii inachukua siku tano hadi saba kiangazi, na mara mbili ya hapo wakati wa mvua. Anayetaka siku mbili atapata bakuli.

Nyufa ni habari nyingine. Mara nyingi zinatokana na rojo lililosagwa kupita kiasi. Kadiri unavyosaga ndivyo nyuzi zinavyochanika kuwa manyoya madogo yanayonyonya maji mengi, na maji hayo yakitoka bodi inasinyaa sana. Weka konzi ya rojo kwenye chujio la chai: maji yakishuka yote ndani ya dakika moja, uko salama, yakikaa juu kama uji, umesaga mno. Halihitaji kutupwa. Changanya na katoni iliyochanwa kwa mkono, au kamba kuukuu za katani zilizokatwa urefu wa kidole. Zinashikilia bodi kama mabua yanavyoshikilia udongo wa kukandika nyumba.

Unene nao una mpaka. Bodi ya sentimita tatu hukauka nje na kubaki mbichi moyoni; ukiigonga inalia kama mlango, lakini ndani ina maji. Tengeneza mbili za sentimita moja na nusu uzigandishe baadaye. Na usiamini kidole. Pima bodi ileile kwa mizani kila siku: uzito ukibaki uleule siku mbili mfululizo, imekauka. Kilo 10 za rojo lililokamuliwa kwa mkono hubaki kilo 2 hadi 3 kavu, ujue kabisa maji unayohangaika nayo ni mengi kiasi gani.

Bodi inapukutika unga

Nyuzi ni fupi, au udongo umezidi. Ongeza nyuzi ndefu kama nilivyosema juu, au tia uji wa muhogo kama gundi. Sisi tunatumia kilo moja ya unga kwa kilo 20 za makapi makavu. Lakini uji huo ni chakula cha kuvu, mende na panya, kwa hiyo bodi yenye uji haiwezi kukaa bila dawa. Unapokata bodi za namna hii vaa barakoa, maana vumbi lake linakaa kifuani.

Madoa meusi na harufu ya kuvu

Karatasi iliyokauka vizuri haioti kuvu. Kuvu ikionekana, kuna maji. Swali ni moja: yalibaki tangu mwanzo au yameingia baadaye? Madoa yakiwa yametawanyika bodi nzima, ulifunga bodi mbichi. Yakifuata mstari wa mbao au yakianzia pembeni, kuna bati linalovuja au umande, na hapo tafuta tundu kabla hujagusa dari. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kuifungia ndani. Bodi yenye doa dogo iteremshe, ikaushe nje, ipigwe brashi na ipakwe dawa. Doa likizidi sahani, toa bodi hiyo, weka nyingine.

Dari inashika moto, au imetoa chumvi nyeupe

Naviweka pamoja kwa sababu vyote viwili ni habari ya dawa. Pamba ya karatasi isiyo na dawa ni kiberiti kilichosambazwa juu ya watoto waliolala. Dawa inayotumika duniani kote ni boraksi na asidi ya boriki, jumla yake kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karatasi kavu. Boraksi si ngeni mkoani kwetu: wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega wanaijua, huitumia kuyeyushia dhahabu.

Watu wanapenda kununua boraksi peke yake kwa sababu inapatikana kirahisi. Lakini dawa hizi mbili hazifanyi kazi moja. Boraksi inazuia mwali usitambae. Asidi ya boriki inazuia moto wa kufuka, ule wa ndani kwa ndani usio na mwali. Niliwahi kuliona hili kwa macho. Jioni moja nilijaribu kipande cha bodi chenye boraksi tupu: nikakishikia mshumaa, mwali ukafa wenyewe, nikaridhika, nikakiacha juu ya tofali nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuta majivu yenye umbo kamili la kile kipande, hata alama ya penseli niliyoichora ilionekana. Nilipoyagusa yakaanguka. Usiku kucha kilikuwa kinaungua bila moshi wa kumwamsha mtu. Tangu siku hiyo tunaweka nusu kwa nusu, na kipimo chetu kina sehemu mbili: mshumaa dakika moja, kisha kusubiri dakika kumi na kuweka kiganja karibu. Kama bado kina joto au kuna mstari mwekundu unaotembea, asidi ya boriki haitoshi. Hiki ni kipimo cha karakana. Hakichukui nafasi ya kipimo rasmi pale jengo ni la shule au nyumba ya kulala wageni.

Sasa ile chumvi nyeupe. Lita moja ya maji ya kawaida huyeyusha boraksi gramu 50 hivi. Ukitia zaidi, inazama chini au inapanda kwenye uso wa bodi wakati wa kukauka na kuganda kama ukungu wa chumvi. Tumia maji ya moto, ambayo hubeba mara kadhaa zaidi, na uziyeyushe dawa zote mbili pamoja, kwani zikiwa pamoja huyeyuka vizuri kuliko kila moja peke yake. Nyunyizia ikiwa bado ya moto.

Kama dawa iliwekwa ya kutosha na bado kipande kinawaka, uliza iliwekwa lini. Wengi huitia kwenye pipa la rojo, halafu wanakamua. Dawa imeyeyuka kwenye maji, hivyo imetoka na maji. Iweke baada ya kukamua, kwa kunyunyizia na kugeuza mpaka yote inywewe. Vaa glavu na barakoa, weka mbali na watoto, na mama mjamzito asifanye kazi hiyo: dawa hizi zikiingia mwilini kwa wingi zinadhuru uzazi.

Saruji haishiki

Kijana mmoja fundi kutoka Nzega aliniletea tofali amelifunga kwenye kiroba. Lilikuwa na siku nne. Nililibonyeza kwa kucha, kucha ikazama kama kwenye andazi. "Saruji ilikuwa mpya, kaka," akasema, "na mchanga nimeuosha." Nikamuuliza ameongeza nini kingine. Akasita kidogo, akasema ametia boraksi kidogo ili mchwa wasile tofali.

Tatizo lilikuwa hapo. Boraksi ni miongoni mwa vitu vinavyochelewesha saruji kushika kwa nguvu sana. Kiasi kidogo tu kinaweza kuiacha ikiwa uji kwa siku kadhaa. Sukari na wanga hufanya hivyohivyo, ndiyo maana rojo lenye uji wa muhogo nalo linagoma. Gazeti lina vitu vya mti ambavyo havikuondolewa kiwandani, na vikitoka kwenye maji navyo vinachelewesha. Karatasi ya ofisini, ambayo imesafishwa kwa kemikali na tena ina chokaa, ni rafiki wa saruji.

Usikisie. Chukua vikombe vitatu vya plastiki. Cha kwanza, saruji na maji safi. Cha pili, saruji na maji uliyokamua kutoka kwenye rojo lako. Cha tatu, saruji na rojo lenyewe lililooshwa kwa maji safi mara mbili na kukamuliwa. Kesho yake bonyeza kwa msumari. Cha kwanza kikiwa laini, saruji yako ni mbovu, mrudishie muuzaji. Cha kwanza kigumu na cha pili laini, kuna kitu ndani ya rojo. Cha tatu kikiwa kigumu, kuosha kumetosha. Kisipokuwa kigumu, badilisha karatasi. Yule kijana alifanya hivi, kikombe cha pili kikabaki tope mpaka siku ya tatu.

Vikombe vyote vikiwa vizuri na tofali bado ni bovu, ni maji ya ziada. Rojo linakuja na maji yake. Likamue kwanza ndipo upime. Sisi tunaanza na ndoo tatu za rojo lililokamuliwa, ndoo moja ya saruji na moja ya mchanga, kisha tunarekebisha kulingana na karatasi. Tofali linafunikwa na kumwagiwa maji siku saba kama tofali jingine lolote. Na liwe la ukuta wa ndani usiobeba kenchi za paa. Kozi mbili za chini ziwe za tofali la kawaida, kwa sababu tofali la karatasi likigusa udongo wenye maji linayanyonya hadi dirishani.

Nimeweka pamba, bado kuna joto

Kabla ya kujibu, naomba mtu afike Kwihara, nje kidogo ya mji, aingie kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Mchana wa Oktoba ndani ni pabaridi. Tembe linafanya kazi kwa uzito: udongo mnene unalichelewesha joto lifike ndani usiku, nje kukiwa kumepoa. Karatasi haifanyi hivyo. Inafanya kazi kwa hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Kwa hiyo anayeikandamiza pamba ili iwe "nzito kama tembe" anaifukuza hewa, anabaki na karatasi tu, isiyo na hewa ya pamba wala uzito wa tembe.

Kosa kubwa zaidi ni unene. Watu wanaweka bodi ya sentimita moja wakitarajia kazi ya pamba ya sentimita kumi. Ukipiga hesabu ya fizikia, sentimita kumi za pamba iliyokaa vizuri zinazuia joto zaidi ya mara kumi kuliko bodi hiyo. Bodi inapendezesha na inapunguza kelele za mvua kwenye bati, nayo ni kazi nzuri, lakini haizuii jua la saa nane.

Pima hivi. Pamba iliyomwagwa juu ya dari iwe na uzito wa kilo 30 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kwa unene wa sentimita 10 hiyo ni kilo 3 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita nne kwa nne kitakula kilo 48 za karatasi kavu, na dawa juu yake. Kama ulitumia kilo 20, chumba hakijapata haki yake. Na kwa kuwa pamba hushuka kadiri miezi inavyopita, mwaga sentimita 12 ili ibaki 10.

Kama unene uko sawa, panda darini saa nane mchana upitishe kiganja kando ya kuta na kuzunguka kifuniko cha mlango wa dari. Palipo na pengo utapasikia. Kama hakuna pengo, toka nje uangalie ukuta wa magharibi na madirisha. Mara nyingine dari haina kosa lolote. Joto linaingia kwa ukuta unaopigwa na jua kuanzia saa tisa, na dawa yake ni kivuli cha mti au baraza.

Matone alfajiri, dari inalegea

Mtu ananipigia Juni, mvua hakuna, anasema bati linavuja. Halivuji. Usiku wa kipupwe anga likiwa jeupe bati linapoteza joto haraka, linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke wa watu waliolala ndani unaganda juu yake kuwa umande. Alfajiri unadondoka juu ya pamba. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo pamba iliyolowa haina kazi, na uzito wake unaongezeka mara mbili au zaidi. Dari ya jipsamu inaanza kushuka katikati kama kitanda kilicholegea kamba.

Acha nafasi ya vidole vinne kati ya pamba na bati, toboa matundu ya hewa chini ya paa pande zote mbili na uyazibe kwa wavu wa mbu. Kuhusu pamba iliyolowa: zima umeme kwenye meini swichi kwanza, ndipo upande kuitoa.

Nikiwa huko juu, nitaje moto mara moja zaidi: pamba isiguse bomba la moshi wala taa zinazozama darini, acha shubiri nzima. Na wakulima wa Urambo na Kaliua wanaoniuliza kuhusu mabani ya tumbaku, jibu langu ni hapana. Bani linafika nyuzi joto 70 na mabomba yake ya moshi ni moto zaidi ya hapo.

Mchwa

Dawa ya dari inawazuia, lakini inayeyuka kwa maji. Dari iliyovujiwa msimu mmoja imeoshwa dawa, na mchwa wanalijua hilo kabla yako. Tafuta vichuguu vyao vyembamba vinavyopanda ukutani kutoka ardhini uvibomoe, ziba bati, ndipo unyunyizie dawa upya.

Nyuki wamehama mzingani

Hili linaniuma. Mzee mmoja mfugaji wa Sikonge alinieleza kuwa mizinga yake ya kisasa ina vifuniko vya bati, na Oktoba nyuki wanatoka na kuning'inia mlangoni kama zabibu. Ndani masega yanalegea. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, na makinda ya nyuki yanataka nyuzi 34 hadi 36. Nikampa vipande vya bodi za dari vilivyobaki avipachike ndani ya vifuniko.

Baada ya wiki tatu alirudi na kopo. "Mwanangu, tazama." Ndani kulikuwa na unga wa karatasi, mwepesi kama pumba, ameufagia mbele ya mlango wa mzinga, na katikati yake nyuki waliokufa. Nyuki hawavumilii karatasi mzingani. Wanaitafuna na kuitupa nje. Wafugaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanapounganisha makundi mawili huweka karatasi ya gazeti katikati ili waitafune polepole huku wakizoeana harufu. Nilimpa bodi yenye dawa ya kuua wadudu, nao wakaitafuna. Nilimwomba radhi, na mizinga miwili niliyomharibia nikamtengenezea vifuniko vipya kwa mkono wangu.

Bodi ya mzinga inatengenezwa kwa katoni safi isiyo na maandishi mengi, bila boraksi, bila asidi ya boriki, bila chokaa. Ikae kati ya bati na kifuniko cha ndani cha mbao, mahali ambapo nyuki hawafiki, na nyufa za mbao zizibwe kwa nta. Mvua ikishaipiga, ibadilishe.

Tangu hapo karakana ina mapipa matatu yenye rangi: jekundu la dari, jeupe la saruji, na lisilopakwa rangi la mizinga. Kila pipa lina ndoo yake na mwiko wake, na kila bodi ya dari inapigwa mstari mwekundu mgongoni kabla haijatoka kwenye kichanja.

Bodi zilizoshindikana

Zisizo na dawa ziloweke usiku kucha, zitarudi kuwa rojo. Kila mzunguko unafupisha nyuzi, hivyo baada ya mizunguko michache zihamishie kwenye pipa jeupe. Zenye mstari mwekundu zirudi kwenye pipa jekundu peke yake. Zisiende kwenye mboji wala kwenye bustani: mmea unahitaji boroni kidogo mno, na ikizidi tu kingo za majani zinaungua. Maji ya kukamulia ya pipa hilo nayo hayamwagwi. Tunayachuja kwa kitambaa, tunayapasha moto, na ndiyo tunayoyeyushia dawa ya kazi inayofuata.